Kurudisha Oti kwa Mgonjwa wa Seliaki: Tatizo Linaanzia Mashineni

Mada kwa semina ya maofisa lishe na wahudumu wa kliniki za watoto, Sumbawanga

1. Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada kuhusu kurudisha oti katika mlo wa mgonjwa wa seliaki. Ni ombi la haki, kwani oti za kopo zimeshafika madukani na wapo wazazi wanaowapikia watoto uji wake. Lakini hapa Ufipa swali hilo halijibiki kabla ya kuikagua mashine ya kusaga.

2. Maana

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huushambulia utumbo mwembamba. Mgonjwa huharisha muda mrefu, hupungukiwa damu, na akiwa mtoto hudumaa. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, kama alivyoonyesha daktari Willem-Karel Dicke wa Uholanzi katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Washiriki wanayafahamu haya.

3. Oti zenyewe

Protini ya oti, avenini, haiwadhuru wagonjwa walio wengi. Watafiti wa Finland walilionyesha hilo mwaka 1995 kwa watu wazima. Mwaka 2003, wenzao wa Norway walifuatilia wagonjwa 19, na mmoja utumbo wake uliharibika. Kwa hiyo oti hurudishwa kwa tahadhari: mgonjwa akae kwanza miezi 6 au zaidi bila gluteni, dalili ziishe, kingamwili zishuke, ndipo aanze na kiasi kidogo. Miongozo mingi humwekea mtu mzima kikomo cha gramu 50 hadi 70 za oti kavu kwa siku, na mtoto gramu 20 hadi 25. Oti za kawaida hazifai, kwa kuwa huchanganyika na ngano shambani, ghalani na kiwandani.

4. Mashine ya kusaga

Mfipa ana bahati ya ulezi. Hauna gluteni, hutoa ugali, uji na togwa, na mgonjwa wa seliaki angeweza kuishi nao bila kununua chakula cha kopo. Bahati hiyo hupotelea mashineni.

Mama hupepeta ulezi wake, huutoa mchanga, huuanika na kuubeba hadi mashineni. Aliyemtangulia amesaga ngano ya maandazi, au mchanganyiko wa unga wa lishe uliotiwa ngano. Unga wa ngano umebaki kwenye nyundo, kwenye matundu ya chekecheke na ndani ya mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Ulezi ukimiminwa, hutoka na mabaki hayo yote, na kwa macho hayaonekani.

Kikomo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Gramu moja ya unga wa ngano hubeba gluteni ya miligramu 80 hivi. Kwa hesabu hiyo, gramu 5 tu, yaani vijiko viwili vya chai, hulifikisha furushi la kilo 20 za unga wa ulezi kwenye kikomo. Na utafiti wa Italia wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, huharibu utumbo.

Hapo ndipo suala la oti linapokwama. Mgonjwa anayekula ulezi uliochafuliwa hajawahi kuwa bila gluteni. Akipewa oti akaharisha, hakuna awezaye kujua kama kosa ni la avenini au la mashine.

Kwa miaka mingi mtoa mada amelipeleka suala hili vikaoni, na kila mara hujibiwa kwamba wagonjwa ni wachache. Wasiopimwa hawawezi kuhesabika. Mgonjwa anayehitaji kuchukuliwa kinyama cha utumbo hulazimika kwenda hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Mada hii haidai kwamba udumavu wa Rukwa, uliofikia asilimia 56 ya watoto chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, unatokana na seliaki. Inachoomba ni kwamba mtoto asiyekua licha ya kulishwa vizuri asifungiwe faili kabla ya kupimwa.

5. Mapendekezo

a) Mtoto mwenye dalili apimwe kingamwili kabla ya kuachishwa ngano, kwani akishaachishwa, kipimo huweza kudanganya.

b) Kila kata itenge mashine moja isiyosaga ngano wala shayiri.

c) Pasipo na mashine hiyo, mgonjwa asagiwe wa kwanza asubuhi, baada ya mashine kufunguliwa na kufagiliwa, na mfuko kubadilishwa.

d) Kilo za kwanza zitakazosagwa apewe asiye mgonjwa.

e) Familia ihimizwe kusaga kwa jiwe la nyumbani lisilogusa ngano.

f) Wasindikaji wa unga wa lishe waandike nafaka zote zilizomo, na TBS isimamie.

g) Oti zisirudishwe kabla ya suala la mashine kutatuliwa.

h) Zikirudishwa, ziwe zilizothibitishwa hazina gluteni, kwa kiasi kidogo, na mgonjwa apimwe tena baada ya miezi kadhaa.

i) Mgonjwa asiye na uwezo wa kununua oti hizo aambiwe wazi kwamba si za lazima; ulezi safi unamtosha.

j) Halmashauri ziweke mafunzo ya wasaga nafaka katika bajeti ya lishe ya mwaka ujao, yaanze na utaratibu wa kusafisha mashine ulioelezwa katika kipengele c.