Utafiti Hauishi Mpaka Shimo Lizibwe



Hapa Ras Kisimani, ambako bahari imekwisha kula sehemu ya mji wa kale, hakuna haja ya kumfundisha mtu thamani ya kisima. Maji baridi ya kisiwa yamelala juu ya maji ya chumvi. Atoboaye ardhi bila hadhari huweza kuyachanganya.

Katika miaka ya 1950, enzi ya ukoloni, makampuni ya BP na Shell yalichoronga kisima kirefu hapa Mafia kutafuta mafuta. Huko bara, Mchuchuma na Ngaka, ardhi ilichorongwa kutafuta makaa ya mawe. Kitafutwacho ni tofauti. Wajibu ni mmoja.

Shimo lililoachwa wazi hupitisha uchafu hadi kwenye maji ya chini. Kwenye makaa, shimo la jana huweza kumwaga maji au gesi juu ya mchimbaji wa kesho. Dawa yake si siri: shimo hujazwa saruji kuanzia chini hadi juu, bomba hukatwa chini ya kina cha jembe, na udongo wa juu, uliowekwa kando tangu siku ya kwanza, hurudishwa na kupandwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetoa uwezo wa kumwamuru mharibifu arejeshe mazingira. Lakini sheria haitembei yenyewe. Mtumishi asitie sahihi kabla ya kuona shimo limezibwa. Mwalimu awafunze vijana kuyajua mashimo ya kijiji chao. Mtafiti huondoka na ripoti yake. Sisi twabaki na ardhi.