Mwalimu wa Mtoto Asiyesikia Atatoka Wapi?



Majuma mawili yaliyopita nilikuwa stendi ya Lushoto nikingoja gari la kuteremka Mombo. Kijana mmoja nadhifu, mwenye mkoba wa daftari, akanigusa bega. Akanifunulia gazeti, akaonyesha kidole kwenye picha yangu ndogo iliyo juu ya safu ambamo mazungumzo haya huchapishwa, kisha akaninyooshea mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti: "Wenzangu wanakusikia. Mimi nakusoma."

Nikachukua kalamu yake nikamwuliza anafanya kazi gani. Akaandika neno moja tu: "Mwalimu."

Nimekaa mbele ya kipaza sauti zaidi ya miaka kumi na minane, na nakiri kwenu kwamba siku hiyo ndiyo ya kwanza kufikiri kwa makini juu ya Mtanzania ambaye redio kwake ni sanduku tu lililowekwa mezani. Gari likaja, tukaagana kwa mikono. Lakini njia nzima, katika zile kona kali za kutelemka Mombo, mawazo yangu yalikuwa kwa mtu mwingine niliyesoma naye darasa la kwanza.

Huyo alikuwa mtoto wa jirani yetu. Jina lake silitaji, wala shule siitaji. Sisi watoto tulimwita Bubu, na watu wazima nao wakamwita hivyo hivyo, hata likawa ndilo jina lake. Aliketi dawati la nyuma. Mwalimu alipogeuka ubaoni na kusema, yeye aliona mgongo tu. Alinakili kila kilichoandikwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote, wala hakuna aliyemweleza maana yake. Alipofika darasa la tatu hakuonekana tena. Nilimwona baadaye akichunga mbuzi wa watu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mwalimu moyoni. Leo simlaumu. Hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto wengi, chaki moja, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumfundisha mtoto asiyesikia. Mtu hawezi kutoa asichopewa.

Ndipo nataka wiki hii tuzungumze habari za vyuo vidogo vya binafsi, maana watu wengi wanaviona kama maduka ya vyeti tu. Swali langu ni moja: chuo kidogo kinapaswa kufundisha nini?

Ndugu wasikilizaji, milima yetu ya Usambara ina historia yake katika jambo hili la elimu ya juu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kule Amani kituo kikubwa cha utafiti wa mimea na kilimo. Wataalamu walivuka bahari kuja kusoma miti yetu. Waingereza wakakiendeleza, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ile ya utafiti wa kilimo ikahamishiwa Muguga, nchini Kenya. Mwaka 1947 Walutheri nao walifungua chuo cha theolojia pale Lwandai, Mlalo. Mwaka 1954 nacho kikahamia Makumira, karibu na Arusha. Kwa ufupi, elimu ya juu ilipanda mlima, ikapumzika kidogo, ikateremka tena. Vijana wetu nao wakateremka kuifuata.

Kumbukeni pia kwamba wakati ule chuo kikuu ni mali ya Serikali peke yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukitaja chuo kikuu Tanzania Bara unataja Mlimani, Sokoine, na baadaye kidogo Chuo Kikuu Huria. Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1995, mashirika ya dini na watu binafsi wakapata mlango.

Kupitia mlango huo, mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilianzisha chuo pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Tumaini. Kikapewa jina la Sebastian Kolowa, askofu aliyekuwa Mkuu wa KKKT tangu mwaka 1976 hadi alipofariki mwaka 1992. Mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili.

Sasa sikilizeni kile walichochagua kufundisha. Wangeweza kuanza na yale yanayouzika haraka. Miaka ile shule za sekondari za kata zilikuwa zinafunguliwa kila kona, na chuo chochote kilichotangaza shahada ya ualimu wa kawaida kilijaza madarasa. Wao wakaanza na shahada ya ualimu wa elimu maalumu, yaani mwalimu wa mtoto asiyeona, asiyesikia, na mwenye ulemavu wa akili. Baadaye zikafuata sheria, utalii unaojali mazingira pamoja na hifadhi ya maumbile, na afya ya akili.

Mgeni akiisoma orodha hiyo atashangaa. Mwenyeji wa milima hii hashangai. Pale Irente kuna shule ya msingi ya watoto wasioona ambayo vizazi kadhaa wamepitia. Hapo hapo Irente ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Kule Lutindi, juu ya Korogwe, kulianzishwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ni ya mwanzo kabisa ya aina yake katika Afrika Mashariki. Na msitu wa Magamba unaanza pale pale nyuma ya mabweni. Kwa hiyo chuo hakikuokota masomo yake hewani. Kilitazama jirani zake wana nini na wanahitaji nini, kikaanzia hapo.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza. Chuo kidogo kisishindane na chuo kikubwa kwa wingi wa majina ya kozi. Kitafute kile ambacho pale kilipo kinaweza kufundishwa vizuri kuliko mahali pengine.

La pili ni maisha ya wanafunzi. Kijana wa Dar es Salaam au Mtwara akipangiwa Lushoto, mwezi wa Juni ndipo hujua kwamba Tanzania ina baridi. Hununua blanketi la pili na sweta la mtumba sokoni. Hujifunza kula viazi mviringo asubuhi, mchana na jioni, hasa wiki ile ambayo "bumu" la Bodi ya Mikopo limechelewa. Mama ntilie humjua kwa jina, mwenye chumba humjua kwa jina, na akiugua siku mbili watu huuliza yuko wapi. Katika chuo cha maelfu na maelfu, mwanafunzi anaweza kutoweka mwezi mzima pasiwe na wa kumkumbuka.

Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, jambo hilo ni zito zaidi. Asiyeona anahitaji vitabu vya nukta nundu na mwenzake wa kumsomea kile ambacho hakijachapishwa kwa nukta nundu. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na pia mtu wa kumwandikia maelezo, kwa sababu macho yake hayawezi kumtazama mkalimani na kutazama daftari kwa wakati mmoja. Na wale wenzake wanaosikia, wanaposomea ualimu wakiwa wameketi naye benchi moja, wanajifunza lugha ya alama wakati wa chakula na uwanjani, si darasani tu. Mwalimu wa namna hiyo akipelekwa shuleni hamwogopi mtoto wa dawati la nyuma.

Lakini, ndugu wasikilizaji, tusidanganyane. Elimu ya namna hii ni ghali. Mashine ya nukta nundu si bei ya kalamu. Mkalimani anataka mshahara. Darasa lina wanafunzi wachache, na chuo cha binafsi kinaishi kwa ada. Ndiyo maana kishawishi ni kikubwa cha kuziacha kozi hizi na kufungua zile za kujaza ukumbi, hata kama walimu wenye sifa hawapo. Matokeo yake tuliyaona mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Tume ilifanya kazi yake. Shahada isiyo na mwalimu nyuma yake ni karatasi. Ila mizani inayopima ubora ingefaa iwe na upande wa pili, unaouliza: chuo hiki kikisimama, kazi yake nani ataifanya?

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, nayo inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Tulikuwa na shule ya wasioona ya Buigiri tangu mwaka 1950, ya viziwi Tabora tangu 1963, na ya Buguruni tangu 1974. Majengo tulianza nayo mapema, na sheria tunayo. Bado mwalimu ni haba, na mwalimu hatoki kwenye gazeti la Serikali. Anatoka chuoni, baada ya miaka mitatu ya mtu kukaa naye na kumfundisha.

Basi nasema hivi. Serikali ikiamua nani apewe mkopo na nani apewe ruzuku, kozi za walimu wa elimu maalumu ziwe za kwanza, ziwe katika chuo cha umma au cha binafsi. Wenye vyuo nao wasione haya kuwa wadogo. Na ninyi wazazi wenye kijana aliyemaliza kidato cha sita, akisema anataka kusomea ualimu wa viziwi msimcheke mkamwambia amekosa kozi.

Yule kijana wa stendi sikumwuliza amesoma chuo gani. Gari lilikuwa linapiga honi. Lakini najua kwamba Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, akasimama akiwatazama watoto usoni, wala hakuwapa mgongo.

Naye wiki hii atanisoma. Mwalimu, nakusalimu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.