Nyonga: Neno Moja, Mifupa Mitatu



Mgonjwa afikaye Hospitali ya Tumbi, Kibaha, akisema "nyonga inauma", amesema Kiswahili fasaha. Hata hivyo, muuguzi hajajua bado pa kugusa. Katika matumizi ya kawaida, nyonga ni kiungo kiungacho paja na kiwiliwili, ni mfupa wenyewe, na pia ni eneo zima la ubavuni chini ya kiuno. Istilahi fupanyonga hutaja muundo mzima wa mifupa ya hapo, si sehemu zake.

Upungufu huu si wa Kiswahili peke yake. Wanaanatomia wa Ulaya, kwa Kilatini chao, waliuita mfupa wa nyonga "usio na jina". Majina yalipewa sehemu zake tatu: iliamu juu, iskiamu chini kwa nyuma, na pubisi mbele. Kwa mtoto, hiyo ni mifupa mitatu iliyoungwa kwa gegedu. Hukutana katika kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja, na hushikamana kuwa mmoja katika umri wa balehe.

Je, Kiswahili kina akiba gani? Makalio yatokana na kitenzi kalia, na iskiamu ndiyo hasa ikaliwayo: mfupa wa kalio, basi, ni istilahi inayojieleza. Pubisi iko chini ya kinena. Mfupa wa kinena wafaa. Iliamu ina utata zaidi. Ashikaye kiuno huweka mkono juu ya ukingo wake, lakini "mfupa wa kiuno" waweza kudhaniwa kuwa pingili za uti wa mgongo. Kwa upana wake, bawa la nyonga ni jina salama zaidi.

Usahihi pekee hautoshi. Kinena ni neno la staha. Mjamzito wa Kisarawe aumwaye pale pubisi mbili zinapokutana aweza kusitiri maumivu hayo kwa kutaja nyonga au kiuno, na mkunga akapima mahali pengine.

Wanafunzi wa Minaki, Kisarawe, na wa Sekondari ya Kibaha husoma biolojia kwa Kiingereza. Atakayekuwa tabibu miongoni mwao atamhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Istilahi zisizotoka kamusini zikafika darasani zitamwacha mkunga na mzazi wakitumia neno moja kwa maumivu mawili tofauti.