Usipoziba Ufa, Utajenga Ukuta

Mazungumzo ya mwanachama katika mkutano mkuu wa mwaka



Nimeombwa niseme machache juu ya wasuluhishi wa kule nyumbani. Mimi si mwanasheria. Nimeombwa kwa sababu niliwahi kuketi mbele yao kama mlalamikiwa, na baadhi yenu mnaijua habari hiyo. Afadhali niiseme mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mtu alinipigia simu hapa Dar es Salaam akilitaka shamba la marehemu baba, lile la karibu na barabara kuu. Nilikuwa nimebanwa na ada za watoto. Nikapokea arbuni bila kumwambia mtu. Shangazi yangu, ambaye ndiye anayelilima, alipata habari siku mnunuzi alipofika na futi kamba. Hakunipigia kunigombeza. Alinyamaza tu, na simu zangu hakupokea tena.

Shauri likafika Baraza la Ardhi la Kijiji. Nilikwenda na makaratasi na maneno mengi. Mama mmoja mjumbe akaniuliza: "Mwanangu, ile minazi ya upande wa kisimani aliipanda nani?" Sikujua. Akasema, "Shangazi yako anaijua mmoja mmoja. Haya, twende tukaione."

Tukaenda wote, na mnunuzi naye. Shangazi akatuonyesha alichopanda yeye, alichopanda baba, na mpaka wa jirani. Jioni ile tukapatana: arbuni irudi, niilipe kwa awamu tatu, shangazi alime maisha yake yote, na shamba lisiuzwe mpaka familia nzima iketi. Tukaandika. Mimi na mnunuzi tukatia sahihi, shangazi akaweka dole gumba. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza, "Umekula, baba?" Ndugu zangu, hakuna hukumu ya mahakama ambayo ingenipa swali lile.

Sasa niwaeleze baraza hilo ni nini. Limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Halmashauri ya kijiji inapendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha. Kazi yake ni kusuluhisha, halimlazimishi mtu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halihukumu tena mashauri ya ardhi, linasuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba suluhu imeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Kwa hiyo sheria yenyewe inatuambia: anzieni nyumbani. Na ina sababu. Aliyeshinda kesi wilayani hurudi kuishi na aliyeshindwa, na wanachota maji kisima kimoja.

Jambo la pili ni mifugo. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu na wengi wao kuletwa mkoa wetu wa Lindi, Kilwa imeujua ugomvi wa ng'ombe kuingia kwenye ufuta. Hapo msuluhishi wa upande mmoja hafai. Mzee wa wafugaji aketi na mzee wa wakulima, waende shambani mapema nyayo zikiwa bado zinaonekana, na afisa ugani athamini hasara. Wakichelewa wiki moja, kila mtu ana hesabu yake, na vijana wameshashika fimbo na mapanga.

Msidhani kazi hii ni ya vijijini tu. Mwaka 2008 Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Kofi Annan aliketi na pande mbili pamoja na mama Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa, mtu wa kusini mwenzetu, wa Lupaso kule Masasi. Walianza Januari, na tarehe 28 Februari Kibaki na Odinga wakatia sahihi. Walichokifanya ni kilekile cha yule mama wa kijijini: kusikiliza kila upande, kutochoka, na kuandika yaliyokubaliwa.

Lakini niseme wazi, si kila jambo ni la kusuluhishwa. Mtoto akibakwa, mtu akikatwa panga, hayo ni ya polisi na mahakama. Kuyamaliza kwa mbuzi na pesa kidogo ni kumficha mkosaji, na msuluhishi mwaminifu hukataa.

Ndugu zangu, mwaka huu katika michango yetu kuna fungu la usuluhishi. Ni dogo kuliko la darasa na la zahanati, lakini naomba tusiliruke. Litanunua madaftari ya kumbukumbu, kabati la kufunga kwa ufunguo, nauli ya wajumbe kwenda mashambani, na mafunzo ya sheria hizi nilizozitaja. Msuluhishi asiye na nauli atapanda pikipiki ya upande mmoja, na akishaipanda, upande wa pili haumwamini tena.

Ombi langu la mwisho halina gharama. Migogoro mingi ya ardhi ya kule nyumbani inaanzia kwetu sisi wa mjini, tunaouza kwa simu tusichokilima. Kabla hujapokea arbuni, piga simu nyumbani. Uliza minazi ile ni ya nani.