Mzee Anayeishi Peke Yake: Kifaa Kisicho na Jicho

Maneno kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Parklands



Leo naomba tuzungumze juu ya wazee wanaoishi peke yao. Hapa Parklands wako kwenye magorofa, watoto wao wako Uingereza na Kanada. Kule kwenu kijijini pia wako: mama yuko Murang'a au Kakamega, sisi watoto tuko mjini. Nyumba ni tofauti, lakini hofu ni ile ile. Mzee akiteleza bafuni saa tatu usiku, nani atajua kabla ya asubuhi? Kulala sakafuni saa nyingi kunaleta baridi, upungufu wa maji mwilini na vidonda, hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Watoto wakishikwa na wasiwasi, mara nyingi hukimbilia kamera. Mimi siipendi. Nani kati yetu angekubali kutazamwa akivaa nguo? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima.

Kuna njia nyingine. Mmeona zile taa za geti zinazowaka zenyewe mtu akipita? Taa ile haina jicho. Ina sensa inayohisi joto la mwili likisogea, basi. Haijui kama ni Njoroge au ni Patel. Sensa kama hiyo ikiwekwa kwenye njia ya kwenda chooni, na nyingine ya sumaku mlangoni, inaweza kupangwa itume ujumbe kwa simu kama asubuhi imefika na hakuna aliyetembea. Haichukui picha wala sauti. Huko Japani kampuni ya Zojirushi ilileta mwaka wa 2001 birika la umeme linalowaarifu jamaa kwamba mzee ametumia maji ya moto. Wanajua chai imepikwa. Hawajui amekunywa na nani!

Lakini msidanganywe na muuzaji. Paka akipita, sensa inaweza kudhani ni mama. Stima ikipotea au bando ikiisha, huenda ujumbe usifike. Na sensa haimwinui mtu. Mtoto aliye Toronto akipata ujumbe, atampigia nani? Hapo ndipo kikundi kinatakiwa: majirani wawili wenye ufunguo, na mzee mwenyewe ndiye awachague. Saa zake za kulala na kutoka pia ni siri, mwizi akizijua ni hatari. Kwa hiyo tumwulize kwanza kiwekwe wapi, nani apate habari, na akitaka kukizima afanyeje.

Akikataa kabisa, jameni, tusimfichie kifaa nyuma ya kabati. Tupatane naye tu kwamba kila siku atafungua pazia kabla ya saa mbili asubuhi, na jirani atazame. Likibaki limefungwa, jirani aende abishe hodi.