Kitabu cha Mapishi Kilichoandikwa na Wenye Njaa

Tumsifu Yesu Kristu.

Wapendwa wasikilizaji, saa hii wengi wenu mmekwisha kurudi kutoka kanisani, na baadhi yenu mnatusikiliza huku sufuria ikiwa motoni. Msiiache iungue kwa ajili yetu. Jambo tunalotaka kuzungumza nanyi leo limo humo humo jikoni, nalo ni kitabu cha mapishi.

Huenda mtu akauliza: padre amejifunza wapi habari za mapishi? Swali ni la haki. Sisi tumelishwa maisha yetu yote na mikono ya wengine: kwanza mama, kisha wapishi wa seminari, kisha akina mama wa parokia. Lakini kitabu tunachotaka kuwasimulia hakikuandikwa na watu walioshiba. Kiliandikwa na wanawake waliokuwa wakifa kwa njaa.

Katika nchi ambayo leo huitwa Jamhuri ya Cheki upo mji mdogo wenye ngome, jina lake Terezín. Mwezi Novemba 1941 Wanazi wa Ujerumani waliugeuza mji huo kuwa mahali pa kuwafungia Wayahudi. Watu wapatao 140,000 walipelekwa huko. Wapatao 33,000 walifia humo humo kwa njaa na magonjwa, na wengi wa waliosalia walipakiwa katika treni wakapelekwa kuuawa mahali pengine, kama vile Auschwitz. Chakula kilikuwa mkate kidogo, supu iliyo karibu kuwa maji matupu, na viazi ambavyo mara nyingi vilikuwa vimeoza. Wazee wasioweza kufanya kazi walipewa kidogo zaidi kuliko wengine.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo mama mmoja aliyepita umri wa miaka 70, jina lake Mina Pächter. Binti yake, Anny Stern, alikuwa amekwisha kukimbilia Palestina mwaka 1939. Alimsihi mama yake waondoke pamoja, naye alikataa, kwa kuwa alidhani kwamba hakuna atakayemgusa mzee.

Humo Terezín, Mina na wanawake wenzake walikaa wakikumbushana mapishi. Walikuwa na msemo wao: walisema kwamba wanapika kwa mdomo. Hata walibishana, huyu akisema keki fulani hutengenezwa hivi, na yule akisema la hasha, kwetu hatukufanya hivyo kamwe. Kisha wakayaandika, mengi kwa Kijerumani, katika vipande vya karatasi vilivyoshonwa kwa mkono vikawa daftari. Humo mna keki, biskuti, na vyakula vinavyotaka siagi, mayai na sukari, vitu ambavyo hawakuwa navyo hata kidogo. Moja ya maelekezo hayo ni la mayai yaliyojazwa, nalo lina jina la ukoo wake, Pächter. Mpishi huambiwa aipambe sahani kadiri mawazo yake yatakavyomtuma. Tulipofika hapo tulisimama kusoma. Mtu aliye na kipande kimoja cha mkate anamwambia mwenzake apambe sahani!

Mina alifariki mwaka 1944, siku ya Upatanisho, ambayo kwa Wayahudi ni siku kuu ya kufunga. Kabla ya kufa alimpa rafiki yake kifurushi, akamwomba amfikishie binti yake. Rafiki huyo alinusurika, lakini hakuwa na anwani. Alikihifadhi kifurushi kwa miaka mingi. Mwaka 1960 alimkabidhi ndugu yake aliyekuwa akienda Israeli, na huko ikajulikana kwamba Anny amekwisha kuhamia Marekani. Kikapita mikononi mwa watu wengine, na yapata miaka 25 baada ya kifo cha Mina, mtu asiyefahamika kwake akamfikishia Anny kifurushi hicho mjini New York. Mlikuwa na picha ya mama yake pamoja na mjukuu, barua, mashairi, na lile daftari la mapishi. Kwa muda mrefu Anny hakuweza kulitazama. Mwaka 1996 lilichapwa kuwa kitabu kwa jina In Memory's Kitchen, yaani Katika Jiko la Kumbukumbu, chini ya uhariri wa Cara De Silva.

Mtu akitaka kupika kwa kukifuata kitabu hicho atapata taabu. Mahali pengine unga haukutajwa; mahali pengine hatua nzima imeruka. Njaa hula hata kumbukumbu. Waliokichapa waliyaacha mapengo hayo kama yalivyo, nasi twaona kwamba walifanya vema.

Ndugu wapendwa, sisi wahubiri tumezoea kuwalaumu Waisraeli kwa kuwa jangwani walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu. Tumehubiri hivyo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa, hasa wakati wa Kwaresima, na mara nyingi tukiwa tumekwisha kupata kifungua kinywa. Tangu tusome habari za Terezín tumekuwa wapole kidogo. Ni kweli kwamba wale wa jangwani walinung'unika. Lakini kukumbuka chakula si mara zote kunung'unika. Wanawake wale hawakuwa wakiutamani utumwa. Walikuwa wakiikumbuka meza ambapo kila mmoja alikuwa mtu mwenye jina, mwenye watoto, mwenye wageni wa kuwakaribisha. Adui aliwapa namba. Wao wakaandika jinsi ya kumpokea mgeni.

Wala tusisahau ni watu gani hao. Ni taifa lile lile ambalo Mungu aliliagiza likumbuke ukombozi wake kwa kula: mwana-kondoo, mkate usiotiwa chachu, na mboga chungu, ili mtoto akiuliza maana yake baba apate kumweleza. Ni ndugu zake Mama Maria kwa damu. Katika meza ya namna hiyo hiyo Bwana wetu alituachia ukumbusho wake, nasi tunauadhimisha kila Dominika. Makatekista mnaofundisha watoto habari za Karamu ya Mwisho, waambieni kwamba Yesu alikula mlo uliopikwa kwa desturi ya wazee wake, na kwamba hata yeye alipata kuujua alipokuwa mtoto nyumbani Nazareti.

Sasa turuhusuni tuseme jambo letu wenyewe. Kwetu Kilimanjaro mama aliyejifungua hupikiwa mtori, ndizi na nyama ya mifupa vilivyochemshwa kisha kupondwa kwa mwiko mpaka viwe laini. Mama yetu alikuwa akiitwa na majirani kuwapikia wazazi, na watu walisema wa kwake hauna mfano. Hakuandika chochote. Ukimuuliza maji kiasi gani, alijibu: mpaka utakapoona yanatosha. Mara ya mwisho tulipomtembelea alikuwa kitandani, naye, bila sisi kumwuliza, akaanza kutueleza jinsi anavyouandaa, tangu kuchagua mifupa. Tulikuwa na kikao cha halmashauri ya parokia saa kumi. Tukamwambia, mama, hayo tutayasikia siku nyingine. Akanyamaza, akatubariki, tukaondoka. Hatukumkuta tena akiwa hai.

Tumeungama mengi katika maisha yetu, na hilo pia tumeliungama. Padre aliyetusikiliza alikaa kimya kidogo, kisha akatupa malipizi ambayo hatukuyatazamia: twende kwa dada yetu, tukae jikoni, tumuulize anakumbuka nini.

Tulikwenda. Dada yetu alikumbuka mengi, ingawa si yote. Yeye na shangazi yetu walibishana juu ya ndizi, kama mshare ndizo pekee zifaazo au kama nyingine zafaa pia, wakabishana mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko. Mpwa wetu, binti wa sekondari, alikuwa pembeni na daftari la shule, akiandika. Alitusomea alichopata. Mahali pa chumvi ameandika neno moja tu, kama bibi alivyozoea kusema: kiasi. Mahali pa maziwa ameacha nafasi tupu, kwa sababu hapo wale wawili hawakupatana.

Tulimwomba aandike jina la bibi yake juu ya ukurasa. Akaliandika kwa herufi kubwa, kisha akaenda kuchochea moto.

Tumsifu Yesu Kristu.