Boma: Asili ya Neno na Maana Zake
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ifakara)



Nimeombwa niseme machache juu ya lugha. Nimechagua neno moja tu, ambalo mimi mtumishi wa serikali ninaishi nalo kila siku: boma.

Wapo watu, tena wenye elimu, wanaosema kwamba boma si neno la Kiswahili. Wanadai kuwa ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza, yenye maana ya utawala wa Waingereza ng'ambo. Hadithi hiyo inapendeza, lakini si kweli. Mmisionari Krapf aliliandika neno hili katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, akaeleza kuwa ni ua wa miti, mawe au miiba wa kulinda mji. Wakati huo hata Wajerumani walikuwa hawajaanza kuitawala nchi hii. Walianza mwaka 1885, na Waingereza wakaja kuwaondoa katika Vita Kuu ya Kwanza. Msafiri Stanley naye alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1878. Hivyo basi, Waingereza ndio waliolichukua kwetu, na leo limo katika kamusi zao. Huko Malawi na Zambia, hata anayezungumza Kiingereza huyaita makao ya wilaya boma.

Maana ya kwanza, basi, ni kinga. Boma la ng'ombe sote twalijua: mfugaji hulizungushia miiba ili fisi asiingie usiku.

Maana ya pili ilikuja kwa mabavu. Wajerumani walijenga ngome zenye kuta nene, nazo zikaitwa boma. Moja ilikuwa Mahenge, ng'ambo ya mto wetu wa Kilombero. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro waliishambulia ngome hiyo, wakapigwa kwa bombomu, wengi wakafa. Neno lililokuwa kinga ya wenyeji likawa jina la kinga dhidi ya wenyeji.

Waingereza walipoingia, mahali pengi walikaa katika majengo yale yale. Boma likawa ofisi ya Bwana Shauri, na mzee aliyeitwa bomani alikwenda kwa hofu, maana huko kulikuwa na kodi na kesi. Hofu hiyo imepungua. Siku hizi kijana husema kwa furaha kwamba amefunga ndoa bomani, yaani mbele ya serikali.

Iko maana nyingine, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Nyumba iliyosimama kuta bila paa huitwa boma. Wananchi huchangia tofali, mchanga na nguvu zao, wakanyanyua kuta za darasa au zahanati, kisha wakaiandikia serikali imalizie. Katika kazi yangu nimesoma barua nyingi za namna hiyo: "Tunalo boma la madarasa mawili." Ndugu zangu, hiyo si barua ya ombaomba. Inasema, sisi tumekwisha tenda letu, sasa ni zamu yenu. Mtumishi anayeiacha mezani mpaka masika mbili zikapita, ameacha jasho la watu liyeyuke kwa mvua.

Na hapa shuleni kwetu tunalo boma la namna hiyo. Pale nyuma ya bwalo zimesimama kuta za maktaba, zilizojengwa kwa michango ya wazazi. Paa hakuna, na nyasi zimeanza kuota ndani. Asubuhi hii kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza ataiona wapi hiyo kamusi ya Krapf, ahakikishe kama nisemayo ni kweli. Ni haki yake kuuliza, wala asiniamini kwa sababu nimevaa suti.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja: kabla hatujaondoka leo, kila mmoja wetu aandike katika daftari la katibu idadi ya mabati atakayotoa, nayo yafike kabla ya masika. Mimi nimeandika kumi.